Kumnyonyesha Mtoto Wakati wa Safari na Mikusanyiko ya Krismasi: Nasaha kwa Jamaa za Kitui na Makueni

Kila ifikapo wiki ya tatu ya Desemba, mabasi yatokayo kituo cha Machakos jijini Nairobi huondoka yamejaa hadi mlangoni, mengine yakishika njia ya Emali na Wote, mengine yakielekea Mwingi na Kitui, na ndani yake hakosekani mama mwenye mtoto mchanga anayepelekwa nyumbani kwa mara ya kwanza ili Susu wake, yaani bibi yake, amwone. Ni safari ya furaha, wala hatukusudii kumzuia mtu asisafiri. Twaandika kwa sababu tumeona mara nyingi mtoto aliyekuwa akinyonya vizuri mjini akirudi Januari amelegea, maziwa ya mamaye yamepungua, na ukiuliza kwa makini wapata habari kwamba njiani hakudhurika kitu. Kilichomdhuru ni zile siku kumi za kupokewa kwa mapenzi mengi na watu wengi.

Habari ya njiani ni fupi. Mtoto mchanga huhitaji kunyonya mara 8 hadi 12 kwa mchana na usiku, kwa hiyo mama na amnyonyeshe kabla ya kupanda gari na kila gari lisimamapo, achague kiti cha dirishani upande usiopigwa na jua, ajifunike leso akipenda, wala asione haya. Wasafirio kwa gari lao wenyewe na wasimame kando ya njia, Salama au Emali, hadi mtoto ashibe, maana kumtoa katika kiti chake gari likienda mbio ni hatari kubwa.

Huko Kibwezi na Mutomo, tofauti na vilima vya Mbooni na Kilungu, joto la Desemba ni kali, na hapo ndipo mwenye huruma humwambia mama, “Mpe mwana maji kidogo, ana kiu.” Tafadhali msimpe. Katika kila sehemu 100 za maziwa ya mama, takriban 87 ni maji, nayo yamtosha mtoto aliye chini ya miezi 6 hata jua liwe kali namna gani. Anayehitaji kikombe cha maji ni mama mwenyewe. Maji yetu aghalabu hufukuliwa katika mchanga wa mito au huchotwa mabwawani, na yale ambayo mtu mzima huyanywa asidhurike yaweza kumwendesha mtoto mchanga hata akaishiwa nguvu kwa siku moja.

Sasa tuitazame siku yenyewe ya sikukuu. Mbuzi amechinjwa, wageni wameenea chini ya miembe, na yapata saa 3 asubuhi mtoto anatoka mikononi mwa mamaye akapakatwa na Susu. Kutoka kwa Susu anakwenda kwa shangazi, kutoka kwa shangazi kwa wajomba waliokaa uani. Hapo aanza kugeuza kichwa huku na huku, anajilamba midomo, anatia ngumi kinywani. Hizo ndizo ishara za njaa, na kilio huja mwisho kabisa, lakini aliyempakata hamjui vyema, hivyo ambembeleza mpaka usingizi wamchukua, na wote wamsifu kuwa ni mtoto mpole. Jikoni, mamaye anakoroga muthokoi, gauni limelowa kifuani, matiti yamekuwa magumu kama mawe, naye aona haya kumdai mwanawe kutoka kwa mama mkwe mbele ya watu. Ifikapo saa 8 mchana mtoto hajanyonya kwa saa tano. Mwili wa mama hutengeneza maziwa kwa kadiri yanavyotoka, kwa hiyo siku tatu za namna hii zatosha kuyapunguza. Titi lililojaa bila kutolewa laweza kuvimba, likauma na kumletea mama homa, na hapo dawa ya kwanza ni kuendelea kunyonyesha kwa titi hilo hilo na kufika zahanati bila ajizi.

Kisha kuna ncha ya kijiko: supu ya mbuzi kidogo, soda kidogo, uji kidogo, ili mtoto naye asherehekee. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa Kenya walio chini ya miezi 6, ni 60 tu wanaonyonya pasipo kupewa kitu kingine. Tangu mwaka 2012 nchi ina sheria ya kudhibiti utangazaji na uuzaji wa maziwa ya kopo, lakini hakuna sheria iwezayo kukizuia kijiko cha shangazi; hiyo ni kazi ya wenye nyumba. Aliyetimiza miezi 6 ana fungu lake karamuni, na embe lililoiva la Makueni, likioshwa na kupondwa, lamfaa sana, ilhali ziwa laendelea hadi miaka 2 na zaidi.

Mama anayetumia dawa za virusi vya ukimwi na achukue za kutosha siku zote za likizo pamoja na akiba, na ile ya mtoto kadhalika, asiziache mjini kwa kuogopa maswali ya mawifi, kwa kuwa dawa hizo zikinywewa kila siku ndizo zimlindazo mtoto anyonyapo. Kijitabu cha kliniki nacho kisisahauliwe. Chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 hutolewa katika zahanati za huko nyumbani pia. Na mtoto akikataa kunyonya, au akipumua kwa kasi, au akishikwa na homa kabla ya kutimiza miezi miwili, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa Krismasi.

Twawaelekea akina baba, kwa sababu neno ambalo mke hawezi kumwambia mama mkwe, mwana aweza kulisema kwa adabu: “Mwaitu, mtoto ataka kunyonya, nimpeleke kwa mamaye.” Kabla mbuzi hajachinjwa, tengeni chumba kimoja chenye kiti cha kuegemea na mtungi wa maji ya kunywa, mumpe mtu mwingine zamu ya jikoni, na yeyote ambaye mtoto ataanza kutafuta ziwa akiwa mikononi mwake na amrudishe kwa mamaye papo hapo.