Kiko cha Maji: Asili Yake, Njia Yake Hatta Unyanyembe, na Hukumu Yake

Bismillahi Rahmani Rahim.

Katika barza nyingi za pwani husemwa maneno mawili juu ya buruma: kwamba ni ada ya Waarabu, na kwamba maji huusafisha moshi, basi avutaye kwa maji hana lawama. Maneno haya yataka kupimwa moja baada ya moja, kwani ada peke yake si dalili ya sharia, na dhana haiondoi yakini.

ASILI YAKE

Tumbaku haikujulikana na Masahaba wala na Maimamu wanne. Ni mmea wa Amerika, na haukutoka huko illa baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Wareno waliufikisha Bara Hindi, na mwanzo wa karne ya 17 ulikwisha kuenea Uajemi, Uturuki na Misri. Chombo cha kuuvutia kwa maji kina majina mengi. Wahindi hukiita huka, Waajemi ghalyan, na Waturuki nargile, jina litokalo katika neno nargil, yaani nazi, kwa kuwa kifuu cha nazi ndicho kilichotiwa maji. Wamisri husema shisha, neno la Kiajemi lenye maana ya kioo.

Wahindi husimulia ya kuwa Abul-Fath Gilani, tabibu wa baraza ya Sultani Akbar, ndiye aliyeshauri moshi upitishwe majini ili madhara yake yapungue. Ikiwa ni kweli ao si kweli, masimulizi hayo yaonyesha kwamba dhana ya maji kusafisha moshi ni ya zamani sana. Wafalme nao walijaribu kukataza tumbaku: Jahangir huko Hindi mwaka 1617, na Sultani Murad wa Nne huko Istanbul mwaka 1633, ambaye aliwaua wavutaji. Lakini amri zao hazikudumu.

NJIA YAKE HATTA UNYANYEMBE

Waswahili wa zamani walikipa kila kiungo cha chombo hiki jina lake. Kichwa cha udongo kitiwacho tumbaku ni bori. Mti ushukao kutoka borini hatta majini ni digali. Kibuyu chenye maji ndicho kiko khasa. Na mwanzi uendao kinywani ni shilamu. Sauti ya maji wakati wa kuvuta huitwa malio ya kiko.

Njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Unyanyembe, ambako Waarabu na Waswahili walijenga matembe yao mahali palipoitwa Kazeh, ndipo Tabora. Kisha ikaendelea hatta Ujiji. Richard Burton na John Speke walifika Kazeh mwezi wa Novemba 1857, wakakirimiwa na Snay bin Amir al-Harthi. Katika kitabu chake cha mwaka 1860 Burton ameeleza uvutaji wa Wanyamwezi, wanaume kwa wanawake, na wapagazi wavutao bangi kwa kibuyu cha maji huku wakikohoa sana. Na katika pango la Lalibela, nchi ya Uhabeshi, vimefukuliwa vichwa vya viko vyenye mabaki ya bangi, vinavyokisiwa kuwa vya karne ya 14, kabla ya tumbaku kuvuka bahari. Basi kiko cha maji hakikuwa mali ya barza ya Mwarabu peke yake.

Tena na ajue msomaji kwamba wengi wa Waarabu walioijenga Tabora walitoka Oman, na wengi wao walikuwa Maibadhi. Wanavyuoni wa Kiibadhi ni wakali mno juu ya tumbaku, na katika bara ya Oman uvutaji ulikatazwa zama za Imamu Muhammad bin Abdullah al-Khalili, aliyetawala tangu 1920 hatta 1954. Anayesema buruma ni ada ya Waarabu, na aulize kwanza ni Waarabu gani.

HUKUMU YAKE

Tumbaku ilipodhihiri, wanavyuoni walikhitalifiana. Huko Misri Ibrahim al-Laqani aliiharimisha, na Ali al-Ajhuri akaihalalisha, na wote wawili ni Wamaliki. Katika madhehebu ya Imamu Shafi'i, al-Qalyubi aliiharimisha kwa ajili ya madhara yake. Na wengi waliokuja baadaye walishika karaha, wakasema huwa haramu kwa yule aliyeyakinisha kuwa yamdhuru. Khitilafu yao basi haikuwa juu ya kujidhuru, kwani kujidhuru kumekatazwa kwa wote. Ilikuwa juu ya kujua kama madhara yapo.

Mfano bora ni wa Sheikh Nuruddin al-Ziyadi, mwanachuoni mkubwa wa Kishafi'i wa Misri, aliyekufa mwaka 1024 wa Hijra, sawa na 1615. Alikuwa akitoa fatwa kwamba moshi wa tumbaku haubatilishi saumu, kwa kuwa hakuwa akijua hakika yake. Kisha akaonyeshwa mwanzi uliovutiwa, akaona masizi yaliyoganda ndani, akatambua kwamba huingia kitu chenye mwili, si hewa tupu. Papo hapo akarejea katika fatwa yake, akasema saumu hubatilika. Hakuona haya kurejea, kwani haki ilimdhihirikia.

Leo ulimwengu umetazama ndani ya digali kuliko alivyotazama al-Ziyadi. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2005 kwamba mtu katika kikao kimoja cha buruma aweza kuvuta moshi mwingi kama wa sigara 100 ao zaidi. Maji hupunguza sehemu ya nikotini tu; sumu ziletazo saratani hupita, na hewa ya sumu ya makaa hupita pia. Na shilamu moja ikizungushwa vinywani mwa watu wengi, hueneza kifua kikuu. Kwa sababu ya madhara, Serikali ya Tanzania ilipiga shisha marufuku mwaka 2016.

Basi neno la kwanza limeanguka, kwa kuwa ada imekhitalifiana. Na la pili limeanguka, kwa kuwa maji hayasafishi. Mzee aliyeizoea buruma tangu ujana asidharauliwe, bali asaidiwe kuiacha, na mgeni akirimiwe kwa kahawa na tende. Lakini baba amwekeaye mwanawe shilamu kwa kudai kwamba wazee walisema ni karaha tu, na akumbuke kuwa wazee hao walisema pia: akiyakinisha madhara, ni haramu. Na yakini imekwisha kuja.

Wallahu a'lam bis-sawab.