Dawa ya Kuzuia Damu Isigande, na Madhara ya Kuipunguza

Wako watu kati yetu waliopasuliwa moyo na kutiwa vali ya chuma. Wako na wengine ambao moyo wao hupiga pasipo taratibu, kwa kuwa vali zao ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi walipokuwa watoto. Ugonjwa huo u mwingi katika nchi za Afrika ya Mashariki. Watu hao huagizwa kumeza wafarini kila siku, wengi wao maisha yao yote. Nataka kueleza jambo moja hasa: mtu akimeza dawa hiyo pungufu hasikii neno lo lote mwilini, lakini madhara yakija, hukaa.

Watu husema dawa hii huifanya damu kuwa nyepesi. Sivyo. Damu haigeuki kama uji uliotiwa maji, bali huchelewa kuganda. Ini hutumia vitamini K kufanyiza vitu vigandishavyo damu, na wafarini huizuia kazi hiyo. Asili yake ni huko Wisconsin, Marekani, ambako mwaka 1939 wasaidizi wa Karl Paul Link walipata katika majani makavu yaliyooza kitu kilichokuwa kikiwatoa ng'ombe damu hata kufa. Kutokana na kitu hicho ilitengenezwa wafarini, ikauzwa mwaka 1948 kuwa sumu ya panya, na mwaka 1954 ikakubaliwa kwa wanadamu. Wengine wakisikia habari ya panya huogopa, wakaanza kumeza nusu ya kidonge. Hofu hiyo si ya bure, maana dawa ikizidi mtu hutokwa na damu. Lakini kipimo ndicho kiamuacho, wala si hofu.

Kipimo chenyewe huitwa INR. Mtu asiyemeza dawa huwa na yapata 1. Mwenye moyo upigao pasipo taratibu hutakiwa awe kati ya 2 na 3, na wenye vali za chuma mara nyingi huwekwa juu kidogo. Akishuka chini ya 2, damu iliyotuama ndani ya moyo yaweza kufanya donge. Donge likichukuliwa hata kwenye ubongo, huziba mshipa, na sehemu ile ya ubongo hufa. Hapo mtu hupooza upande mmoja, au hupotewa na usemi, au hawezi tena kutambua maandiko aliyoyasoma jana. Kiharusi kitokacho moyoni kwa kawaida ni kizito kuliko vingine. Kurudia dozi kamili baada ya hapo huzuia donge la pili, lakini hakuufufui ubongo uliokufa. Ndiyo sababu twaona watu walioanza tena kumeza dawa kwa bidii, na mkono ungali umelegea.

Kadhalika kwa mwenye donge katika mshipa wa mguu. Likikaa, huharibu vilango vidogo vya mshipa. Mguu huvimba kila jioni, ngozi huwa nyeusi, na vidonda hutokea juu ya kifundo visivyopona upesi. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2005 ulionyesha kwamba wagonjwa waliokaa zaidi ya nusu ya muda wao chini ya 2 walipatwa na hayo karibu mara tatu kuliko wenzao. Donge likipanda mapafuni, wachache hubaki na pumzi fupi siku zote.

Tena yafaa tujue kwamba dozi yaweza kupungua pasipo mgonjwa kuacha hata kidonge kimoja. Mchicha, kisamvu na matembele vina vitamini K nyingi. Mtu aliyezikosa mboga hizo wakati wa kiangazi, kisha masika akazila kila siku, dawa yake ile ile huwa haimtoshi. Asiziache, bali azile kwa kiasi kilicho sawa. Dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini huishusha nguvu ya wafarini sana, na baadhi ya dawa za kifafa vivyo hivyo. Basi mgonjwa akipewa dawa mpya yo yote, aseme kwamba anameza wafarini, akapimwe damu mapema. Mwanamke akijua kwamba ana mimba asiache dawa kwa shauri lake mwenyewe wala asiendelee kimya, maana yaweza kumdhuru mtoto. Aende hospitali siku ile ile.

Ninyi mnaozuru wagonjwa, yajueni haya. Mdomo ukipinda, mkono ukiishiwa nguvu, au maneno yakivurugika, msingoje asubuhi. Mchukueni hospitali mara moja. Mwenye vali ya chuma huizoea sauti yake, mfano wa saa ndogo kifuani. Sauti ikififia, naye anakosa pumzi, huenda vali imeshikwa na donge. Na aliyesahau kidonge akikumbuka siku ile ile, akimeze. Akikumbuka kesho yake, asimeze viwili. Aandike tarehe, awaambie wapimao damu yake.