Kufungua Bolti ya Breki Iliyoshikwa na Kutu

Bolti ya breki ya pikipiki ikishikwa na kutu, wengi huivuta kwa spana kwa nguvu zote mpaka kichwa chake kikakatika. Hasara hiyo yaweza kuepukwa kwa saburi.

Maji na tope hupenya katikati ya bolti ya chuma na alumini inayoishika. Huko pwani chumvi ya bahari huzidisha uharibifu. Basi, kwanza bolti isuguliwe kwa burashi ya waya. Kisha itiwe mafuta ya kulegeza kutu, kidogo kidogo, iachwe usiku kucha. Pedi au viatu vya breki vifunikwe kwa kitambaa, kwa maana vikiingia mafuta havishiki tena.

Asubuhi kichwa cha bolti kigongwe taratibu kwa nyundo ndogo. Itumike spana ya duara inayoenea barabara, si ile ya mdomo wazi. Bolti ikazwe kidogo, ndipo ifunguliwe. Ikianza kuzunguka, irudishwe na kufunguliwa tena, ili kutu ivunjike.

Moto usitumiwe karibu na mafuta ya breki na mipira yake. Bolti ikikataa kabisa, pikipiki ipelekwe kwa fundi.

Bolti iliyoliwa na kutu isirudishwe. Inunuliwe mpya, ya kipimo na ugumu ule ule. Kabla ya kumpakia abiria, breki zijaribiwe kwa mwendo wa polepole. Kupoteza usiku mmoja ni afadhali kuliko kupoteza maisha.