Oili ya Boti Mto Kilombero: Mafunzo Niliyopata

Tangu Daraja la Magufuli lifunguliwe mwaka 2018, anayekwenda Ulanga au Malinyi hasubiri tena pantoni pale Kivukoni. Magari yanapita juu, na mto umebaki na wenyewe: wavuvi na mitumbwi yao, watu wachache wenye boti za injini, na wageni wanaokuja kutazama viboko, ndege na sheshe. Wengine hupanda juu zaidi, kwenye mito ya Mnyera na Ruhudji, kuvua kwa fimbo na kumrudisha samaki majini. Mimi naishi Mlabani, hapa Ifakara, na injini za boti hizo za matembezi ndizo ninazofungua na kufunga.

Ifakara ni mji wa mpunga. Rafu za maduka ya oili zimejazwa kwa ajili ya bodaboda, pawatila, matrekta na mashine za kukoboa. Mwenye boti akiingia, anauziwa kilichopo. Karibu kila nililojifunza limetokana na hilo.

1. Uliza kwanza injini yako inapataje oili

Boti mbili zinaweza kufungwa injini za nguvu moja, rangi moja, kampuni moja, lakini moja ikawa ya kuchanganya na nyingine ya stiki. Ya kuchanganya, ile ambayo mafundi tunaiita tuu stroki, haina sehemu ya kukaa oili: oili huingia pamoja na petroli, hulainisha, kisha huungua na kutoka na moshi. Ya stiki, yaani foo stroki, ina oili yake chini ya injini kama gari, inapimwa kwa stiki na kumwagwa ikichoka. Oili ya moja haifanyi kazi kwenye nyingine hata kwa dharura. Mwenye boti asiyejua injini yake ni ipi asitoke nyumbani kwenda dukani.

2. Tuu stroki ya msumeno siyo tuu stroki ya boti

Hapa ndipo injini nyingi zinapoharibikia. Bonde letu lina mashamba makubwa ya mitiki na misumeno ya injini ni mingi, basi muuzaji akisikia neno "tuu stroki" mkono wake unakwenda kwenye oili ya msumeno. Mteja anaridhika, kwa kuwa kopo limeandikwa alichokitaja.

Msumeno hupozwa na upepo. Silinda yake huwa ya moto sana, na oili yake imetiwa viambato vyenye madini ili istahimili moto huo. Viambato hivyo vikiungua huacha majivu, na kwenye msumeno majivu hayo si tatizo kubwa. Injini ya boti hupozwa na maji ya mto yanayopandishwa na pampu, kwa hiyo hufanya kazi katika joto la chini zaidi. Majivu yaleyale hujikusanya juu ya pistoni, kwenye mifereji ya ringi na kwenye plagi. Ringi zikinata, mgandamizo unashuka na injini inakuwa nzito kuwaka asubuhi. Hali ikizidi, bonge la majivu lililowaka kama kaa hulipua petroli kabla plagi haijatoa cheche, na pistoni inatoboka. Nimezishika pistoni za namna hiyo mkononi. Tundu lake unaweza kupitisha kidole.

Alama ya kutafuta kwenye kopo ni TC-W3. Ni kiwango kilichowekwa na NMMA, chama cha watengenezaji wa boti na injini zake cha Marekani, kwa ajili ya oili ya injini za kuchanganya zinazopozwa na maji, na oili yake haiachi majivu ya madini. Ukikuta JASO FC au JASO FD bila TC-W3, hiyo ni oili nzuri ya pikipiki au msumeno. Mwachie mwenye msumeno.

3. Boti ya matembezi inadai kipimo sahihi kuliko boti ya mzigo

Injini nyingi za kuchanganya zinataka sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya oili. Hesabu yake ni nyepesi: mililita 20 kwa kila lita, maana yake dumu la lita 20 linakula mililita 400. Injini mpya, katika saa zake 10 za kwanza, kwa kawaida hutakiwa mara mbili ya hapo, 25 kwa 1. Kitabu cha injini ndicho chenye neno la mwisho, maana zipo zinazotaka 100 kwa 1.

Mazoea yetu ni kupima kwa kifuniko, halafu kuongeza kidogo "injini isife". Boti inayopakia magunia na kwenda kasi huenda ikastahimili, kwa sababu moto wake unaunguza ziada. Boti ya mtazamaji wa ndege haiendi kasi. Inajikokota kandokando ya matete, inazimwa, inawashwa, inajikokota tena. Ziada ya oili haiungui; inalowesha plagi. Ndipo utasikia nahodha akivuta kamba, akivuta tena, mgeni amekaa kimya na darubini yake na viboko wako mbele. Ukipima sawasawa, na kila baada ya mwendo wa polepole ukaipa injini dakika chache za kasi penye maji mapana, plagi hukaa safi muda mrefu zaidi.

Changanya kwenye dumu, siyo ndani ya tangi. Tia oili yote na petroli kidogo, tikisa, ndipo ujaze. Na mchanganyiko uliolala wiki kadhaa kwenye joto la Ifakara usiupe injini ya boti.

4. Foo stroki haitaki oili yoyote ya gari

Watu hudhani oili ya gari zuri itafaa kwa injini nzuri. Injini ya gari hupata moto wa kutosha kukausha unyevu na petroli inayopenya kwenye oili. Ya boti, kwa kuwa maji ya mto yanaipoza muda wote, mara nyingi haifiki hapo, hasa ikiwa ya mwendo wa pole. Petroli hubaki ndani ya oili, na utashangaa stiki inaonyesha oili imepanda badala ya kupungua. Ikipanda na kunuka petroli, imwage, hata kama saa zake hazijafika.

Oili yake ina alama ya NMMA pia, FC-W. Hiyo imepimwa uwezo wake wa kuzuia kutu, na boti ya matembezi hukaa imefungwa majuma mazima, hasa masika bonde likifurika. Kuhusu uzito, 10W-30 au 10W-40 ndizo zinazotajwa mara nyingi kwenye vitabu. Kwa joto letu, kitabu kikiruhusu zote mbili, mimi huweka 10W-40. Ibadilishe kila baada ya saa 100 za kazi au mwaka mmoja, kinachotangulia.

5. Rangi haisemi kitu

Oili za kuchanganya zipo za bluu, kijani na nyekundu. Hiyo ni rangi iliyotiwa ili uone kama petroli imeshachanganywa.

6. Usisahau gia boksi ya chini

Kuna oili ya tatu ambayo wengi hawaikumbuki kabisa, ile ya gia zilizo karibu na propela. Injini nyingi hutaka oili ya gia ya SAE 90 yenye alama GL-4, nyingine hutaka ya aina yake, soma kitabu. Hujazwa kutoka tundu la chini mpaka itokee la juu, kisha unafunga la juu kwanza. Ukijaza kutoka juu unafungia hewa ndani.

Oili hiyo ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Kwenye mto huu mhalifu wa kwanza kumshuku ni mshipi na uzi wa nyavu. Hujizungusha kwenye shafti nyuma ya propela, taratibu hukata sili, na mto unaingia. Kubadilisha oili bila kutoa uzi na kuweka sili mpya ni kumwaga pesa. Vua propela kila mara boti inapopandishwa ufukweni. Ni kazi fupi.

7. Nunua kopo lenye sili

Oili ya kupima kutoka pipani huwezi kujua ilikuwa nini wala imechanganywa na nini. Kopo liwe na sili nzima, alama niliyoitaja na nembo ya TBS. Ifakara zikikosekana, agiza Morogoro au Dar es Salaam kabla ya msimu, makopo kadhaa kwa mkupuo. Oili ndani ya kopo lililofungwa haiharibiki upesi.

8. Oili chafu irudi mjini

Bonde hili liliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu mwaka 2002, na Kilombero ndio unaoipa Rufiji zaidi ya nusu ya maji yake. Injini ya kuchanganya tayari inatoa majini sehemu ya petroli na oili isiyoungua, kila inapokimbia. Hiyo huwezi kuizuia, ila kwa kuhamia foo stroki. Ile unayoimwaga mwenyewe kutoka kwenye injini unaweza. Mwenye boti, beba dumu tupu kila unapokwenda kubadilisha oili Kivukoni, na urudi nalo limejaa.