Kufundisha Wasifu wa Mtu Mwenye Ndimi Mbili: Mfano wa Mellow Man Ace

1. Utangulizi

Somo la wasifu katika shule ya msingi mara nyingi hugeuka kuwa orodha ya tarehe. Mwalimu huandika ubaoni mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa safari na mwaka wa sifa, wanafunzi hunakili, kengele hulia. Kesho yake hakuna anayekumbuka kitu, kwa sababu hakuna swali lolote lililoulizwa juu ya maisha yale.

Makala haya yanakusudia kumwonyesha mwalimu mwanafunzi namna ya kuutumia wasifu mmoja kwa kazi mbili: kwanza, kumfundisha mtoto kusimulia maisha ya mtu kwa mpangilio, pili, kumfanya afikiri juu ya lugha ya nyumbani na lugha ya shuleni. Mtu tuliyemchagua ni Ulpiano Sergio Reyes, ajulikanaye zaidi kwa jina la Mellow Man Ace, mghani wa muziki wa kufokafoka aliyezaliwa Kuba na kukulia Marekani. Huenda mwanachuo akauliza kwa nini tusimtafute mtu wa karibu zaidi. Jibu ni kwamba jambo la nyumbani wakati mwingine huonekana vizuri likitazamwa kwa mbali. Mtoto anayeona haya kuizungumzia lugha ya nyanya yake ataweza kuizungumzia lugha ya mtoto wa Kuba bila haya yoyote, na kutoka hapo njia ya kurudi kwake mwenyewe ni fupi.

2. Habari za maisha yake

Mwalimu hana budi kuzijua habari hizi vema kuliko zitakavyoandikwa ubaoni.

Reyes alizaliwa mwaka 1967 katika Pinar del Río, magharibi ya kisiwa cha Kuba, ambako lugha ya watu ni Kihispania. Mapinduzi ya mwaka 1959 yalikuwa yamekwisha kuibadili nchi, na Wakuba wengi walikuwa wakihamia Marekani. Kati ya mwaka 1965 na 1973 zilikuwapo safari maalum za ndege zilizochukua watu zaidi ya 250,000 kutoka Kuba hadi Florida. Jamaa ya Reyes nayo ilihama mwaka 1971, mtoto huyo akiwa na umri wa miaka minne, ikafanya makazi yake katika eneo la Los Angeles, jimbo la California. Mji wa South Gate ndio uliomlea.

Katika mji huo vijana walipenda muziki wa kufokafoka, ambao ulikuwa umezaliwa New York katika miaka ya 1970 miongoni mwa vijana weusi na wale wa asili ya Puerto Rico. Katika miaka ya 1980 Reyes aliunda kikundi pamoja na kaka yake Senen, ajulikanaye kama Sen Dog, na rafiki zao B-Real na DJ Muggs. Kikundi kiliitwa DVX. Mwaka 1988 Reyes alijitenga ili aimbe peke yake. Wenzake waliobaki walijiita Cypress Hill, kwa kufuata jina la mtaa wa South Gate, na baadaye wakawa mashuhuri ulimwenguni: santuri yao ya mwaka 1993, Black Sunday, ilishika nafasi ya kwanza Marekani.

Reyes naye alitoa santuri yake ya kwanza mwaka 1989, iitwayo Escape from Havana, yaani Kutoroka Havana. Ndani yake ulikuwamo wimbo Mentirosa, neno la Kihispania lenye maana ya mwanamke mwongo. Mapigo yake yalijengwa kwa vipande vilivyonaswa katika santuri za zamani za bendi ya Santana, na maneno yake yalirukaruka baina ya Kiingereza na Kihispania, mara nyingi ndani ya mstari mmoja. Mwaka 1990 wimbo huo ulifika nafasi ya 14 katika orodha kuu ya nyimbo za Marekani, ukapata cheti cha dhahabu, ambacho hutolewa kwa mauzo ya nakala 500,000. Mwaka huo huo Kid Frost, mghani wa Los Angeles mwenye asili ya Meksiko, alitoa wimbo La Raza kwa mchanganyiko wa lugha hizo hizo mbili. Mwaka 1991 wawili hao walishirikiana na wenzao katika santuri ya kikundi cha Latin Alliance.

Mwaka 1992 Reyes alitoa santuri ya pili, The Brother with Two Tongues, maana yake Ndugu Mwenye Ndimi Mbili. Haikupata mafanikio ya ile ya kwanza. Hata hivyo hakuacha kazi. Aliendelea kurekodi katika miaka iliyofuata, na mwaka 2006 alitoa santuri pamoja na kaka yake kwa jina la Reyes Brothers.

3. Lugha hizo mbili zilikuwa na cheo gani?

Habari za sehemu iliyotangulia hazina uzito mpaka mwanafunzi aelewe kwamba lugha mbili za mtoto huyu hazikuwa na heshima sawa.

Kwa miaka mingi, shule nyingi za kusini-magharibi mwa Marekani ziliwakataza watoto kusema Kihispania, si darasani tu bali hata uwanjani, na waliokaidi waliadhibiwa. Mwezi Machi 1968 maelfu ya wanafunzi wa mashariki ya Los Angeles walitoka madarasani kulalamikia hali ya shule zao, na adhabu ya lugha ilikuwa miongoni mwa malalamiko yao. Mwaka huo huo ilitiwa saini sheria ya Marekani ya kusaidia elimu ya lugha mbili. Mwaka 1974 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua, katika shauri lililoletwa na wazazi wa Kichina wa San Francisco, kwamba kumpa mtoto vitabu na mwalimu sawa na wenzake si kumtendea sawa, ikiwa lugha inayotumika haielewi na shule haimsaidii kuielewa.

Lakini mambo hayakwenda mbele tu. Mwaka 1986 wapiga kura wa California waliifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi ya jimbo. Mwaka 1998 walipitisha sheria iliyobana sana mafundisho ya lugha mbili shuleni, na mwaka 2016 wakayaondoa mengi ya masharti hayo. Basi wimbo wa mwaka 1989 uliochanganya Kihispania na Kiingereza pasipo kuomba radhi ulitoka miaka mitatu tu baada ya kura ile ya kwanza. Kilichokatazwa uwanjani mwa shule sasa kilisikika redioni, na watu wasiojua hata neno moja la Kihispania walikuwa wakikiimba.

4. Mchanganyiko wa lugha ulifanya kazi gani?

Hapa mwanachuo apambanue mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa.

Kuna kuchanganya lugha kwa sababu ya upungufu: mtu ameanza sentensi, neno limemkimbia, amechukua neno la lugha nyingine kuziba pengo. Na kuna kuchanganya kwa hiari: mtu anayo maneno ya lugha zote mbili, naye huchagua. Mghani tunayemzungumzia ni wa aina ya pili. Kiingereza kilibeba mkondo wa hadithi ili kila msikilizaji aufuate; Kihispania kilibeba hasira, dhihaka na maneno ya nyumbani. Asiyejua Kihispania alipata hadithi. Aliyekijua alipata hadithi na ladha yake.

Ipo pia sababu ya kisanaa. Maneno mengi ya Kihispania huishia kwa irabu, na yakiishia hivyo mkazo huwa kwa kawaida katika silabi ya pili kutoka mwisho. Mwanafunzi wa Kiswahili ataitambua kanuni hii mara moja, kwani ndiyo yetu. Tazama neno la Kihispania mesa: tunalo sisi pia, meza, ingawa letu lilitufikia kwa njia ya Kireno. Lugha ya namna hii ni tajiri wa vina. Kiingereza, chenye maneno mengi ya silabi moja yaishiayo kwa konsonanti, kinafaa kugonga mapigo. Anayezijua zote mbili ana ngoma mbili za kupiga.

Wala jambo hili si geni katika fasihi yetu. Katika nakala za kale za Hamziya, iliyotafsiriwa na Sayyid Aidarus, mstari wa Kiarabu huandikwa na chini yake mstari wa Kiswahili. Lugha mbili zimekaa katika ukurasa mmoja, wala hakuna aliyesema kwamba mshairi hakujua lugha.

5. Mfano wa somo

Darasa: la Sita. Muda: vipindi viwili vya dakika 40. Vifaa: ramani ya dunia, kamba na vipande vya karatasi.

Madhumuni: mwisho wa somo mwanafunzi aweze (a) kupanga matukio sita ya wasifu kwa utaratibu wa wakati, (b) kueleza sababu ya tukio moja na matokeo yake, (c) kusimulia kwa sentensi tano wasifu wa mtu mzima anayezungumza lugha zaidi ya moja.

Hatua ya kwanza. Wanafunzi waitafute Kuba katika ramani, kisha California. Waulize: "Mtoto wa miaka minne akihama kutoka hapa kwenda pale, atachukua nini asichoweza kunyang'anywa njiani?" Usilitoe jibu, subiri mpaka mmoja wao alitaje neno lugha.

Hatua ya pili. Simulia maisha ya Reyes kwa dakika kumi bila kusoma karatasi. Kisha gawa vipande sita vilivyoandikwa matukio bila miaka: kuzaliwa, kuhama, kuunda kikundi, kujitenga, kutoa santuri, kutoa santuri pamoja na kaka yake. Wanafunzi wavining'inize katika kamba kwa utaratibu. Miaka iongezwe baadaye. Utaratibu wa matukio huleta maana. Tarehe huja kuuthibitisha.

Hatua ya tatu. Uliza swali hili: "Santuri inaitwa Kutoroka Havana, lakini mwenyewe alizaliwa Pinar del Río. Je, jina la kazi ya sanaa ni ushahidi wa maisha ya msanii?" Mjadala huu mfupi humfundisha mtoto kutoamini kila jina alionalo.

Hatua ya nne. Kila mwanafunzi aende nyumbani kumhoji mtu mzima mmoja: alizaliwa wapi, alijifunza lugha zipi, ya kwanza ipi, na ni wapi anapoitumia kila moja. Katika kipindi cha pili wasifu huo usomwe darasani.

Tahadhari. Usiulete wimbo wenyewe darasani. Maneno yake ni ugomvi wa wapenzi, nayo hayakutungwa kwa ajili ya watoto. Somo linahitaji maisha ya mtu, wala halipungukiwi kitu kwa kukosa santuri.

6. Jambo lililo mbele yetu

Mwanachuo mmoja, katika mazoezi ya kufundisha vijijini Usukumani, aliwaonyesha watoto wa Darasa la Kwanza picha ya mbuzi. Mtoto mmoja alijibu kwa furaha: "Mbuli!" Darasa likacheka. Mwalimu akasema, "Hapana," akamwelekea mwingine. Mtoto yule hakuinua mkono tena mpaka kipindi kilipokwisha.

Tulitazame kosa hilo kwa makini. Mtoto aliijua picha. Alikuwa na neno lake sahihi, la Kisukuma, lenye shina moja na neno lililotakiwa: mbuli na mbuzi hutofautiana kwa sauti moja tu. Mwalimu angeweza kuandika maneno yote mawili ubaoni, moja chini ya jingine, na kuuliza: "Ni sauti gani iliyobadilika?" Kwa dakika moja angalifundisha neno la Kiswahili, angalifundisha kusikiliza sauti, na mtoto angalitoka akijua kwamba alikuja shuleni na kitu mkononi. Badala yake alijifunza kwamba kunyamaza ni salama zaidi.

Hatusemi kwamba masomo yaendeshwe kwa mchanganyiko wa lugha. Mwalimu ni lazima aseme Kiswahili safi, na Kiingereza safi katika somo la Kiingereza, kwa sababu mtoto humwiga. Yule mghani hakufanikiwa kwa kujua nusu ya lugha hii na nusu ya ile. Alifanikiwa kwa kuwa na lugha mbili zilizokamilika. Kazi ya shule ni kuukamilisha ulimi wa pili, na kazi hiyo haihitaji kuukata ule wa kwanza.

7. Maswali ya kujadiliana

1. Katika shule utakayopangiwa mazoezi, watoto huzungumza lugha zipi nyumbani? Utazijuaje katika wiki ya kwanza?
2. Taja tofauti kati ya kuchanganya lugha kwa upungufu na kwa hiari. Toa mfano mmoja wa kila aina kutoka katika mazungumzo ya wanachuo wenzako.
3. Andaa jozi tano za maneno ya Kiswahili na ya lugha ya mahali yanayotofautiana kwa sauti moja au mbili, na ueleze utakavyozitumia katika Darasa la Kwanza.
4. Mtoto amekujibu sawasawa, lakini kwa lugha isiyo ya somo. Andika maneno hasa utakayomwambia.