Kibarua Wako Amelipwa?

Soma Ruthu 2:4. Boazi alipofika shambani, alianza na salamu, na wavunaji wakamjibu kwa baraka. Tajiri na vibarua wake waliombeana! Je, wewe ukifungua duka hapa Kinango asubuhi, kijana wako anapata salamu ama makaripio tu?

Lakini salamu pekee haijazi sufuria. Kumbukumbu la Torati 24:15 inaagiza kibarua alipwe siku hiyo hiyo, jua likiwa bado halijatua. Hata Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inataka kibarua wa kutwa alipwe mwisho wa siku. Ukimwambia “njoo kesho,” usiku huo watoto wake wanalala njaa.

Na mteja je? Mvua ikikosa, mama atakuja kukopa unga. Boazi aliwaagiza vijana wake wamwachie Ruthu masuke makusudi, wala wasimkemee (2:15–16). Deni liandike, sawa, lakini usimtangaze mbele ya watu.

Wiki hii, kama kuna kibarua anakudai, mlipe kwanza, ndipo ulete sadaka. Amina.