Ukisubiri Kuvutwa, Lijue Faili Lako

Wadogo zangu wa Kibiti na wa visiwani kule Delta ya Rufiji, leo tuongee habari ya waume wa ng'ambo. Najua kuna anayecheka. Lakini swali ni lilelile, liwe limetoka Bungu, Jaribu au Mbwera: mume yuko Uingereza, au Canada, au Muscat, nikaha imepita, mahari imeliwa, na mke bado yuko hapa anasubiri kuvutwa, yaani achukuliwe amfuate mumewe. Mwenzake aliyeolewa nyuma yake keshaondoka. Je, hii ni haki?

Si haki. Nalisema mapema tusije tukazungushana. Ila dhuluma yenyewe haipo pale mnapoitafuta. Wewe unadhani mume wa mwenzio anampenda zaidi. Wifi anasema nyota yako nzito. Jirani keshakuelekeza kwa fundi wa Ikwiriri akakufungue njia. Wote hao hawajaona fomu hata moja.

Chukueni Uingereza. Tangu Aprili 2024, anayetaka kumleta mwenza kutoka nje anatakiwa kuonyesha kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka. Kabla ya hapo, tangu 2012, kiwango kilikuwa 18,600. Sasa pigeni hesabu nami. Mwezi huohuo wa Aprili 2024, mshahara wa chini wa mtu mzima kule ulipangwa kuwa pauni 11.44 kwa saa. Afanye saa 40 kwa wiki, wiki zote 52, asiumwe hata siku moja: hafiki pauni 24,000. Huyo ndiye bwana anayelea wazee, anayeosha vyombo hotelini, anayepanga mizigo ghalani usiku. Makaratasi yake safi, kodi analipa, na bado hana ruhusa ya kukaa na mkewe. Mwenzake mhasibu anapeleka maombi mwezi uleule na mkewe anapanda ndege. Nyota haimo humo. Ni mshahara.

Na wewe unayenunua kamba Nyamisati na kuwapeleka Dar, una akiba na heshima yako, kipato chako hakihesabiki. Katika ombi la kwanza, biashara au mshahara wa mke aliye nje ya Uingereza hauingii kwenye hesabu. Akiba inaweza kuingia, lakini mkiitegemea peke yake wanataka pauni 88,500 zilizokaa benki miezi sita. Hizo si fedha za kaa na kamba, tusidanganyane. Juu ya ada ya viza kuna tozo ya afya, pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza, inayolipwa yote mwanzoni. Kisha kuna mtihani wa Kiingereza wa kuongea na kusikiliza, na kipimo cha kifua kikuu. Mtu anayesema "nasubiri viza" pengine mumewe bado anatafuta saa za ziada kazini, na fomu haijajazwa hata jina. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza bwana ni hili: ombi limeshapelekwa, au bado? Kama limepelekwa, lina namba. Namba hiyo iwe kwenye simu yako pia, siyo yake tu.

Kiwango hicho kiliwahi kupelekwa mahakamani. Februari 2017 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilisema kuweka kiwango chenyewe si kosa, ila kanuni zilikuwa hazijazingatia ipasavyo maslahi ya watoto. Kama mmejaliwa mtoto, basi, cheti chake cha kuzaliwa kiwe na jina la baba na kiingie kwenye maombi. Msimwache mtoto nje ya faili kwa kuona ni mdogo.

Canada haina kiwango maalumu cha mshahara kwa anayemleta mkewe pasipo watu wengine wa kuwabeba, isipokuwa Quebec yenye taratibu zake. Mume anafunga ahadi ya kukutunza miaka mitatu. Marekani, mke wa raia hawekewi ukomo wa idadi ya viza kwa mwaka, lakini mke wa mwenye kadi ya kijani yumo kwenye kundi lenye ukomo, na foleni yake ni nyingine kabisa. Marafiki wawili wa Kibiti, waume wawili wa Minnesota, mmoja raia na mmoja bado, hawawezi kulinganisha tarehe. Na Marekani hufungua na kufunga milango kwa tangazo la rais, kwa hiyo someni ya mwezi huu, msitegemee habari za shoga aliyeondoka mwaka juzi.

Sasa nije kwenye jambo linalowaumiza watu wetu wa pwani kuliko mshahara: nikaha ya simu. Mmeiona. Bwana arusi yuko Toronto, simu imewekwa spika juu ya mkeka, wakili wake amekaa mbele ya walii wa bibi arusi, shehe anasoma hotuba, watu wanasema amina, pilau linapakuliwa. Kwa dini mtu keshaoa, na mimi siwezi kubishana na shehe. Lakini tangu Juni 2015 Canada haimkubali, kwa ajili ya kuhamia, mke aliyeolewa huku mmoja wao hayupo kimwili pale ndoa inapofungwa. Simu, intaneti, wakili, vyote vimekataliwa. Marekani nao hawaitambui ndoa ya namna hiyo mpaka ithibitike mlikutana baadaye mkawa mke na mume kweli. Mnaweza kusubiri miaka miwili kwa ndoa ambayo faili halikuihesabu tangu siku ya kwanza.

Kama bado hamjaoana, mwambie apande ndege. Tena aulizie mapema, maana Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka kusudio la ndoa litolewe siku 21 kabla, na mwenye likizo ya wiki mbili akishuka Dar bila kupanga atarudi hivyohivyo. Ndoa ya msikitini au ya bomani ni hiari yenu. Ninachotaka mimi ni anayewafungisha awe na leseni, na ndoa iingie kwenye kumbukumbu za RITA, wakala wa usajili wa serikali. Karatasi yenye muhuri wa msikiti tu haitoshi huko inakokwenda. Kama nikaha ya simu imeshapita, msijaze fomu yoyote kabla ya kumwona mwanasheria wa uhamiaji wa nchi anakoishi mumeo.

Halafu majina. Hapa ndipo watu wa Delta mnapochelewa kwa jambo dogo kabisa. Cheti cha ndoa kinasema Mwanahawa, kitambulisho cha NIDA kinasema Mwanaawa, pasipoti imebeba jina la babu mahali pa jina la baba. Kwetu sote tunajua ni mtu mmoja. Ofisa aliyeko maelfu ya kilomita anaona wanawake wawili. Na wengi mliozaliwa nyumbani Salale, Kiongoroni au Maparoni hamna cheti cha kuzaliwa kabisa. Wengine vyeti vyao vilikwenda na mafuriko ya Aprili 2024, nyumba na mpunga vilipozama Rufiji na Kibiti. Anzeni hapo leo, hata kama mume hajafikisha mshahara. Usajili wa aliyechelewa hupitia kwa msajili wa wilaya, kwa barua ya mtendaji na kielelezo chochote cha zamani: kadi ya kliniki, cheti cha darasa la saba. Kutoka Mbwera unafuata maji yanapojaa ndipo boti iondoke, ushuke Nyamisati, upande gari la Bungu, kisha Kibiti. Ukifika na karatasi moja pungufu umepoteza siku mbili na nauli. Piga simu kwanza uulize wanataka nini. Ukivipata vyote, visome pale pale dirishani, herufi kwa herufi, kabla hujaondoka.

Kuna swali jingine, na hili muulize usiku, kwa upole, mkiwa wawili tu kwenye simu. Jina gani liko kwenye makaratasi yake? Mnajua ninachosema. Wapo waliojilipua zamani, yaani walioomba ukimbizi kwa jina jingine na nchi nyingine, wakaandikwa hawana mke. Mtu huyo hawezi kukuvuta kwa cheti cha ndoa chenye jina lake la Kibiti bila kujifungulia kesi. Wapo pia waliohamia Canada na mke tayari nyumbani wakajaza kuwa hawajaoa. Kanuni ya kule inaweza kumfungia mlango mke ambaye hakutajwa. Ukimya wa namna hii hauna foleni nyuma yake. Mume anasema "wanachelewesha", na hakuna anayechelewesha. Simwiti mwongo, maana hofu humfanya mtu aahirishe. Lakini wewe una haki ya kujua kama unangoja ofisi au unangoja hofu ya mtu.

Na wewe wa Jaribu uliyeandika kwamba mwenzio mkubwa yuko Leicester: bibie, mke wa pili havutwi Uingereza wakati wa kwanza yupo. Sheria ya kule ya mwaka 1988 imeliziba hilo, na Canada vilevile haipokei mke wa mitala. Akikuambia kuna mtu wa kuipitisha, ujue wewe ndiye utakayelipa.

Upande wa Oman mambo yamelegea. Zamani Muomani aliyetaka kuoa nje ya nchi za Ghuba alihitaji kibali cha serikali yake kwanza, na wake wengi wa pwani yetu waliolewa kimyakimya wakaachwa huku na watoto wao kwa sababu kibali hakikuombwa. Aprili 2023 Sultani Haitham bin Tariq alitoa amri iliyoondoa sharti hilo kwa watu wa kawaida. Mume anayekuambia leo kuwa bado anasubiri kibali cha kuoa, mwombe akueleze ni kibali gani.

Maisha ya kungoja yenyewe yana mambo yake. Umehamia ukweni ili "usikae peke yako", na sasa wewe ndiye unayechota maji, unayekwenda kulinda mpunga na kufukuza ndege, unayemuuguza mkwe, na fedha za bwana zinapitia kwa wifi. Huko si kusubiri viza, hiyo ni kazi ya ndani isiyo na mshahara. Mkwe aheshimiwe, sikatai. Lakini fedha za matumizi yako ziingie kwenye simu yako, biashara yako iendelee, na kama kuna darasa la Kiingereza au Kijerumani la kwenda, nenda. Ujerumani wanataka cheti cha A1 kabla ya viza, na Goethe-Institut iko Dar es Salaam. Miezi ya kungoja inatosha kabisa kujifunza. Pasipoti yako ikae nawe, hapa na huko utakakofika. Canada iliwahi kuweka sharti, Oktoba 2012, kwamba mke aliyevutwa aishi na mumewe miaka miwili la sivyo apoteze ukaazi. Waliondoa Aprili 2017 kwa sababu lilikuwa linawabana wanawake waliokuwa wanapigwa. Uingereza na Marekani pia wana njia za kisheria kwa mwenza anayeteswa. Uende ukilijua hilo.

Tumewasema Wazungu, sasa tujitazame. Tuseme kaka wa Ikwiriri ameoa Mmalawi, na dada yake ameolewa na Mmalawi. Kwa Sheria yetu ya Uraia ya 1995, wifi mgeni ana njia yake ya kuomba uraia kwa sababu ya ndoa. Shemeji mgeni hana. Yeye anapita njia ya wageni wote: mwaka mmoja mfululizo nchini kabla ya kuomba, na ndani ya miaka kumi iliyotangulia huo, jumla ya miaka isiyopungua saba. Wakati wote huo ni vibali vya ukaazi, kulipia na kuhuisha. Ndoa mbili za nyumba moja, mbele ya shehe mmoja, na foleni mbili kwa sababu mmoja wa watoto ni wa kike. Hili halihitaji ubalozi wala pauni. Mbunge wetu anaweza kuulizwa kwenye mkutano wa hadhara, naye ana mahali pa kulipeleka. Sijasikia mtu akiuliza. Tunauliza barabara ya Nyamisati na bei ya korosho, na ni sawa, lakini hili nalo liulizwe.

Nimalizie na mdogo wangu wa Mbwera, aliyeuliza kama auze mikorosho ya marehemu baba yake ili amsaidie mume kufikisha kiwango. Hapana. Kwanza fedha hizo hazitafikisha, umeshaiona hesabu ya akiba. Pili, ombi likikataliwa tozo ya afya hurudishwa, lakini ada ya maombi hairudi. Tatu, shamba hilo ni la kwako na ndugu zako, na hujaniambia wao wanasemaje. Kama mume anapungukiwa nauli ya kuja kufunga ndoa vizuri, mnaweza kukodisha mavuno ya msimu mmoja, kwa maandishi, mbele ya mtendaji wa kijiji, ndugu wakiwepo. Na kabla hujakodisha hata mti mmoja, akutumie picha ya hati zake tatu za mwisho za mshahara, uzizidishe mwenyewe.